Kufunga seva kwenye raki na kuiwasha kwa usalama: kuanzia kupima nguzo hadi kuikabidhi kazini

Matatizo mengi ya seva mpya huanza kabla haijawashwa: reli iliyokaa tundu moja juu kuliko mwenzake, nyaya mbili za umeme zilizochomekwa kwenye chanzo kimoja, raki fupi ambayo mlango wake wa nyuma haufungi. Mwongozo huu unahusu seva za 1U na 2U (U ni kipimo cha kimo cha vifaa vya raki) zenye pawa saplai mbili, zinazofungwa kwenye raki ya nguzo nne ya inchi 19. Seva kubwa za diski nyingi hufuata utaratibu uleule, ila kwa uangalifu zaidi kwenye uzito. Pale kitabu cha mtengenezaji kinapotofautiana na yaliyoandikwa hapa, fuata kitabu.

Pima raki kwanza

Inchi 19 ni upana wa uso wa mbele wa kifaa pamoja na masikio yake, yaani mm 482.6. Kwa kimo, 1U ni mm 44.45, na ndani ya kila U kuna matundu matatu kwenye kila nguzo. Matundu hayo hayapishani kwa nafasi sawa. Kutoka la kwanza hadi la pili ni mm 15.875, la pili hadi la tatu ni mm 15.875 tena, kisha hadi tundu la kwanza la U inayofuata ni mm 12.7 tu. Jozi hiyo iliyokaribiana ndiyo mpaka wa U moja na nyingine, na mpaka wenyewe unapita katikati ya matundu hayo mawili. Ukilijua hilo, hata raki isiyo na namba haikusumbui: tafuta jozi iliyobanana, anzia hapo. Mtu asiyelijua hufunga kifaa nusu kwenye U hii na nusu kwenye ile, na kila kitakachofungwa juu yake kitakosa mahali pa kukaa.

Kina ndicho kinachowaumbua wengi. Raki za mm 600 au 800 zimetengenezwa kwa ajili ya swichi na paneli za kebo. Seva nyingi za sasa zina urefu wa mm 700 hadi 800, na nyuma yake zinahitaji walau mm 150 za plagi na mkunjo wa kebo. Kwa hiyo tafuta raki ya mm 1000 au zaidi. Kisha pima umbali kutoka uso wa nguzo za mbele hadi uso wa nguzo za nyuma, maana reli huuzwa kwa masafa maalumu, na umbali wako usipoangukia ndani ya masafa hayo reli haitafungika. Nguzo za nyuma za raki nyingi husogezwa. Zisogeze raki ikiwa tupu. Baada ya hapo kuzisogeza ni kutoa kila kitu.

Angalia pia umbo la matundu. Ya mraba, yenye upande wa mm 9.5 hivi, hupokea reli za kubofya bila bisibisi. Ya duara yasiyo na nyuzi hupokea baadhi yake. Ya duara yenye nyuzi huhitaji reli za aina nyingine au adapta. Skrubu nazo ni za M6, 10-32 au 12-24, na hazichanganywi: skrubu isiyo ya nati yake huweza kushika mizunguko miwili mitatu, ukadhani imekaza, kumbe inakula nyuzi.

Hesabu ya umeme

Namba iliyoandikwa kwenye pawa saplai, tuseme wati 800, ni uwezo wake wa juu. Matumizi halisi ya seva ni kitu kingine. Yapate kwenye kikokotoo cha mtengenezaji au yapime seva ikiwa kwenye mzigo. Tuchukue seva inayokula wati 450. Kwenye volti 230 hiyo ni kama ampea 2, na kwenye volti 120 ni ampea 3.75.

Sasa njoo kwenye PDU, yaani ubao wa soketi unaofungwa ndani ya raki. Kanuni ya kawaida ni kutoupakia zaidi ya asilimia 80 ya kiwango chake kwa mzigo wa mfululizo, kwa hiyo PDU ya ampea 16 ina ampea 12.8 za kutumia. Ukiwa na PDU mbili, A na B, seva hugawana mzigo baina yake. Fundi anaangalia A, anaona ampea 10, anaangalia B, anaona 10, anaridhika. Siku A inapokufa, ampea 20 zote zinahamia B kwa mkupuo, breka ya B inakatika, na raki nzima inazimika. Zile pawa saplai za ziada zimenunuliwa bure. Kwa hiyo kiwango cha kila upande siku za kawaida ni nusu ya 12.8, yaani ampea 6.4. Andika namba hiyo kwenye kibandiko na ukibandike juu ya PDU yenyewe, kwa sababu atakayekuja kuongeza seva mwakani hatasoma nyaraka zako.

Pawa saplai namba 1 ya kila seva iende A, namba 2 iende B, na A na B zitoke kwenye breka tofauti. Kama una UPS moja tu, yaani kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme unapokatika, peleka A kwenye UPS na B kwenye umeme wa moja kwa moja uliowekewa kinga ya mpando wa volti. UPS nazo hufa, na seva iliyoning'inizwa kwenye UPS moja kwa nyaya mbili itakufa nayo. Unapoichagua UPS, soma wati, usisome VA (volti-ampea) peke yake. Namba ya wati mara nyingi ni ndogo zaidi, na ndiyo inayokubana.

Kuna jambo moja ambalo hata mafundi umeme wazoefu hulisahau. Kila pawa saplai ya kompyuta huvujisha mkondo mdogo kwenda kwenye waya wa ethi kupitia vichujio vyake. Ni jambo la kawaida, na viwango vya kimataifa vinaruhusu hadi miliampea 3.5 kwa kifaa cha kuchomeka. Seva kumi zenye pawa saplai mbili mbili zinaweza kujumlisha mkondo wa kutosha kuikata RCD (swichi inayokata umeme mkondo unapovuja) ya miliampea 30, ambayo huweza kuanza kuruka tangu miliampea 15, bila hitilafu yoyote kuwepo. RCD ikiruka hovyo, usiiondoe. Mwite fundi mwenye leseni agawe mzigo kwenye saketi zaidi. Fundi huyohuyo ndiye wa kufunga chochote kilicho nyuma ya soketi, na ndiye wa kuunganisha fremu ya raki na milango yake kwenye ethi. Raki yenye rangi nene haipitishi umeme mahali waya wa ethi ulipofungwa juu ya rangi. Lazima chuma kiguse chuma.

Plagi za C13 ni za ampea 10, za C19 ni za ampea 16. Usitumie ekstensheni ya mezani ndani ya raki, na usichomeke PDU moja kwenye nyingine.

Hesabu ya joto

Karibu wati zote zinazoingia kwenye seva hutoka kama joto. Zidisha wati kwa 3.412 upate BTU kwa saa. Raki ya wati 3000 hutoa BTU 10,236 kwa saa, na kiyoyozi cha BTU 12,000, ambacho ni kama wati 3,500, kinaimudu kwa shida. Chumba chenye ukuta unaopigwa na jua kitakihitaji kikubwa zaidi. Hewa inayoingia kwenye uso wa seva inapaswa kuwa kati ya nyuzi 18 na 27 za Selsiasi. Hayo ndiyo mapendekezo ya ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani. Pima mbele ya raki, juu na chini, usipime ukutani. Sehemu ya juu ya raki ndiyo hupata moto kwanza.

Seva huvuta hewa mbele na kuitoa nyuma. U zilizo wazi zifunikwe kwa vibao vya kuziba, la sivyo hewa moto ya nyuma hurudi mbele kupitia uwazi huo na seva inavuta joto lake yenyewe. Baadhi ya swichi hupuliza kinyume, kutoka upande wa kebo kwenda upande wa pili. Soma mshale kwenye feni kabla ya kuifunga. Na kitu cha mwisho kwenye joto: kata umeme wa kiyoyozi kwa swichi ya ukutani, kisha urudishe. Viyoyozi vingine vya kawaida havijiwashi mpaka mtu abonyeze rimoti. Kama chako ni cha namna hiyo, UPS na jenereta zitaziweka seva hai ndani ya chumba kinachozidi kupata moto.

Kufungua boksi na kukagua ndani

Kama mzigo umetoka kwenye baridi na kuingia mahali penye joto na unyevu, uache ndani ya boksi saa kadhaa. Ukiufungua mapema, umande hujikusanya kwenye bodi. Piga picha boksi likiwa na kovu lolote, linganisha namba za mfululizo (serial) za kifaa na hati ya mzigo, na usitupe boksi hadi majaribio yote yaishe.

Kabla ya kufungua kifuniko, vaa mkanda wa kifundo cha mkono wa kuondoa umeme tuli, ukiwa umeubana kwenye chuma cha seva. Mkanda huo una kizuizi cha megaohmu 1 ndani yake kwa ajili ya usalama wako. Usiutengenezee mbadala wa waya mtupu, na usiuvae unapofanya kazi karibu na umeme ulio wazi. Waya wa umeme wa seva uwe umechomolewa.

Ndani, angalia vitu vilivyotikiswa safarini. Bonyeza kila kadi. Bonyeza kila fimbo ya RAM mpaka vishikizo vya pande zote mbili vikae wima. Fimbo iliyoshika upande mmoja ndiyo sababu ya kawaida ya RAM kuonekana pungufu. Kama unaongeza RAM, fuata mchoro ulio chini ya kifuniko, kwa sababu nafasi hujazwa kwa mpangilio maalumu wa kila prosesa, na aina mbili za RAM, RDIMM na UDIMM, hazichanganywi. Toa sponji na nailoni zote zilizobaki kwenye feni. Kisha rudisha lile bomba la plastiki linaloelekeza hewa juu ya prosesa na RAM. Linaonekana kama kifungashio na watu hulitupa. Bila hilo hewa hupita pembeni, prosesa hupata moto na feni hupiga kelele muda wote.

Sasa punguza uzito. Diski kubwa za inchi 3.5 zina kama kilo 0.7 kila moja, kwa hiyo seva yenye diski 12 inapungua kilo 8 ukizitoa. Ziandike namba za nafasi zake unapozitoa. Pawa saplai nazo zinachomoka.

Raki isipinduke

Kabla ya seva yoyote kugusa raki: weka pima maji, shusha miguu mpaka magurudumu yasibebe uzito, kisha toa mguu wa mbele wa kuzuia kupinduka au funga raki kwenye sakafu kwa boliti. Raki zilizopangwa sambamba ziunganishwe. Soma pia kiwango cha uzito kwenye kibandiko cha raki. Namba ya raki iliyosimama kwa miguu ni kubwa kuliko ya raki inayosukumwa kwa magurudumu.

Vizito viende chini: UPS na betri, halafu seva za diski, halafu seva za kawaida, na swichi juu. Jaza kuanzia chini. Vuta seva moja tu nje kwa wakati mmoja. Seva ya kilo 30 iliyovutwa nje ni mkono mrefu unaoivuta raki nzima mbele, na mbili zinatosha kuiangusha raki isiyofungwa. Seva iliyo nje si meza. Usiweke laptopu wala zana juu yake.

Reli

Seti ya reli ina jozi mbili. Ya ndani hufungwa ubavuni mwa seva, ya nje hufungwa kwenye nguzo. Zimegongwa L na R, na mwisho mmoja umeandikwa FRONT. Zitenganishe sakafuni, zipange kama zitakavyokaa, ndipo uanze.

1. Ingiza reli za ndani kwenye vichwa vya pini vilivyo ubavuni mwa seva, sukuma kuelekea nyuma mpaka ulimi wa kufungia ulie. Jaribu kuzirudisha kwa mkono, zisitoke.

2. Chagua U, weka alama ya kalamu kwenye nguzo zote nne. Hesabu upya kutoka jozi iliyobanana, nguzo moja baada ya nyingine. Usikadirie ya nyuma kwa macho ukiwa umesimama mbele.

3. Funga reli ya nje, nyuma kwanza au mbele kwanza kwa kadiri seti yako inavyotaka, mpaka ndoana ibofye pande zote mbili. Kama unatumia nati za mraba, masikio yake yashike ubavu wa kushoto na kulia wa tundu, yasishike juu na chini. Tumia ndoana yake maalumu. Bisibisi ikiteleza hapo huchana kidole.

4. Vuta sehemu ya katikati ya reli mpaka ifungike nje, kisha angalia kile kibebeo chembamba chenye gololi. Kisogeze kwa kidole mpaka kifike mwisho kabisa wa mbele, kushoto na kulia.

Hatua hiyo ya nne inarukwa sana na ndiyo inayoharibu reli. Kibebeo kikibaki katikati, reli ya ndani ya seva inakigonga kwa ncha badala ya kuingia ndani yake. Utasikia mkwaruzo, seva itakwama ikiwa theluthi moja ndani, na ukisukuma kwa nguvu gololi zitamwagika sakafuni. Reli hiyo haitengenezeki tena.

5. Inueni wawili, kila mmoja upande wake, mikono ikiwa chini ya seva. Usishike masikio ya mbele wala vishikio vya pawa saplai, havikutengenezwa kubeba. Seva ikizidi kilo 30, au U ikiwa juu ya kifua, tumieni kiinua-mzigo cha mashine.

6. Reli za kuteleza huingizwa kwa ncha, pande zote mbili kwa pamoja na kwa usawa. Reli za kudondosha hupokea seva kutoka juu: pini za nyuma kwanza, kisha za mbele. Usizichanganye, angalia mchoro.

7. Sukuma mpaka zifunge, bonyeza vishikizo vya ubavuni kwa wakati mmoja, sukuma tena hadi masikio yaguse nguzo. Vidole visiwe kati ya reli, kwa sababu hufunga kama mkasi. Kaza skrubu za masikio.

Ikikwama njiani, simama. Sababu huwa ni nne: reli moja iko tundu tofauti, nguzo hazipo sambamba, kishikizo cha upande mmoja hakijaachia, au kuna waya nyuma. Hakuna hata moja inayotatuliwa kwa bega. Ikishaingia, ivute nje na uirudishe mara kadhaa, kisha rudisha diski na pawa saplai kwenye nafasi zake.

Mkono wa kubebea nyaya nyuma ya seva una manufaa kama utaivuta seva ikiwa inafanya kazi, kwa mfano kubadilisha feni. Kwa 1U tunaona hasara yake inazidi faida: unaziba njia ya hewa moto na unamficha fundi anayetafuta kebo.

Nyaya

Ukitazama raki kwa nyuma, peleka umeme upande mmoja na kebo za mtandao upande wa pili. Tumia rangi mbili za nyaya za umeme, moja kwa A na nyingine kwa B, ili kosa lionekane kwa mbali. Kila waya uandikwe ncha zote mbili: U, jina la seva, mlango unakoenda. Funga kwa mikanda ya kunata na kuachia. Zile klipu za plastiki za kukaza hubana kebo mpaka jozi za ndani zinahama, na kuzikata baadaye ni kucheza na kisu karibu na kebo zilizo hai.

Kwa gigabiti 10 kwenye kebo ya shaba, Cat6A inafika mita 100. Cat6 ya kawaida hufika hadi mita 55 mazingira yakiwa mazuri. Nyaya za nuru zisikunjwe kwa kona, ncha zake zibaki na vifuniko hadi dakika ya kuchomeka, na usitazame ndani ya ncha. Leza yake haionekani kwa macho.

Usisahau kebo ya mlango wa usimamizi, ule ambao baadhi ya watengenezaji huuwekea alama ya spana. Huo una sehemu yake hapa chini.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Ukichomeka umeme tu, feni huweza kuzunguka kidogo kisha zikatulia, na taa zikaanza kupepesa. Hapo inayowaka ni BMC, kompyuta ndogo iliyo ndani ya seva inayofanya kazi hata seva ikiwa imezimwa. Dell wanaiita iDRAC, HPE wanaiita iLO. Ipe dakika moja au mbili, ndipo ubonyeze swichi ya mbele.

Mara ya kwanza, au baada ya kubadilisha RAM, skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa wakati seva inazipima fimbo za RAM. Wengi huichomoa wakidhani imekufa, na ikiwashwa tena inaanza upya. Subiri. Ikishaamka, linganisha inachokiona na ulicholipia: jumla ya RAM, idadi ya prosesa, diski, feni na pawa saplai zote mbili.

Kabla ya mfumo endeshi, malizana na BMC. Badilisha nenosiri la kiwandani. Kisha jua kwamba IPMI 2.0, itifaki ya kuongea na BMC kupitia mtandao, ina kasoro katika muundo wake: BMC humpa yeyote anayelijua jina la mtumiaji alama fiche (hash) ya nenosiri, kabla hajathibitishwa, naye akaenda kuivunja kwa nafasi yake. Kasoro hiyo imejulikana tangu 2013, na sasisho haliiondoi kwa sababu ndivyo itifaki ilivyoandikwa. Kinga ni kuiweka BMC kwenye VLAN yake, yaani mtandao uliotengwa ndani ya swichi, isiyofikika kutoka intaneti wala kutoka mtandao wa ofisi, na kuizima IPMI ya mtandaoni, UDP 623, kama huitumii. Anayeishika BMC ameishika seva: anaizima, anaiwasha, anaiunganishia diski yake mwenyewe ya kuanzishia.

Kuna mtego hapo. Baadhi ya BMC zimewekwa kiwandani kwenye hali ya kuhama: mlango wake maalumu usipokuwa na kebo, huhamia kwenye mlango wa kwanza wa kawaida wa mtandao na kuomba anwani huko. Umedhani umeiacha bila mtandao, kumbe iko kwenye mtandao wa watumiaji ikiwa na nenosiri la kiwandani. Iweke itumie mlango maalumu peke yake.

Fimwea, yaani programu za ndani ya vifaa vyenyewe, isasishwe sasa, seva ikiwa haina kitu cha kupoteza na nyaya zote mbili za umeme zikiwa zimechomekwa. Mfuatano umo kwenye maelezo ya mtengenezaji. Kwenye BIOS, weka UEFI (njia ya kisasa ya kuanzisha mfumo), saa iwe UTC, na hali baada ya umeme kukatika iwe kujiwasha kila mara, kwa sababu seva iliyojizima kwa utaratibu ikiwekwa irudi ilivyokuwa itabaki imezimwa. Ukiwa na seva nyingi, zipishanishe sekunde kadhaa ili zisiamke kwa pamoja na kuikata breka kwa mkondo wa kuanzia.

Diski na mfumo endeshi

RAID ni kuunganisha diski kadhaa ili moja ikifa data ibaki. Mfumo endeshi ukae kwenye diski mbili ndogo za RAID 1, kila moja ikiwa nakala ya mwenzake, mbali na data. Kwa data, diski nne za terabaiti 8 zinakupa 24 kwenye RAID 5, na 16 kwenye RAID 6 au RAID 10. Hizo 8 za ziada zinavutia. Lakini kujenga upya diski ya ukubwa huo kunaweza kuchukua siku nzima au zaidi, na katika muda huo RAID 5 haina akiba: diski ya pili ikifa, data imekwenda. Kwa diski za ukubwa huo hatuipendekezi. RAID 6 huvumilia diski zozote mbili kufa. RAID 10 ina kasi zaidi ya kuandika, ila huvumilia mbili endapo tu si za jozi moja. Akiba ya kuandikia ya kidhibiti cha RAID iwashwe endapo betri yake ni nzima. Ukitumia ZFS, mfumo wa faili unaosimamia diski wenyewe, kidhibiti kiwe kwenye hali ya kupitisha diski moja kwa moja. Na nakala ya data ikae nje ya seva hii. RAID haikulindi na faili lililofutwa.

Usakinishaji wenyewe hautofautiani sana na wa kompyuta nyingine. Hakiki alama ya ukaguzi (checksum) ya faili la ISO, liunganishe kupitia BMC au USB. Toa anwani ya IP isiyobadilika, washa NTP (ya kusawazisha saa), ingia kwa funguo za SSH (ya kuingia ukiwa mbali), funga milango yote isipokuwa inayohitajika, sasisha. Unapobadilisha SSH au ukuta wa moto, acha dirisha la kwanza wazi na ujaribu kuingia kwa dirisha la pili. Kuunganisha milango miwili ya mtandao kwa LACP kunahitaji swichi nayo iwekewe hivyo. Kama huna mamlaka na swichi, tumia hali ya mmoja kufanya kazi na mwingine kusubiri.

Iangushe mwenyewe

Acha Memtest86+, programu ya kupima RAM, ikimbie usiku mzima. Kesho yake ipe seva mzigo kwa `stress-ng` kwa saa kadhaa, ukitazama joto na feni kwa `ipmitool sdr`, na uanzishe jaribio refu la kila diski kwa `smartctl -t long`. Halafu soma kumbukumbu ya matukio ya BMC kwa `ipmitool sel list`. Kosa la ECC (kosa la RAM ambalo RAM ya seva hulitambua) lililorekebishwa likijirudia kwenye fimbo ileile ni sababu ya kuirudisha sasa, dhamana ikiwa changa.

Kisha, seva ikiwa kwenye mzigo, chomoa waya wa A. Seva isiyumbe, na ampea za B zipande. Rudisha, subiri taa ya pawa saplai iwe ya kijani, ndipo uchomoe B. Chomoa kebo moja ya mtandao huku `ping` inaendelea. Vuta diski moja ya data na utazame mambo mawili: ujenzi upya unaanza ukirudisha, na taarifa ya barua pepe inafika kwa mtu. La pili hufeli mara nyingi kuliko la kwanza.

Mwisho kata umeme unaoingia kwenye UPS na upande wa B pamoja, uache betri iteremke. Seva inapaswa kupokea amri na kujizima kwa utaratibu kabla betri haijaisha; kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na programu ya NUT. Rudisha umeme. Mtego uko hapa: umeme ukirudi baada ya seva kujizima lakini kabla UPS haijakata, seva haioni kwamba umeme ulikatika, kwa hiyo inabaki imezimwa. Kama pande zote mbili ziko nyuma ya UPS, iwekee UPS ikate na kurudisha pato lake hata umeme ukirudi mapema; kama B iko kwenye umeme wa moja kwa moja, hilo halitoshi, iwashe seva kupitia BMC. Kisha urudie jaribio.

Kwenye daftari la raki andika U, namba ya mfululizo, anwani ya BMC, toleo la fimwea, ampea za A na B seva ikiwa kwenye mzigo, na tarehe. Baada ya wiki moja soma `ipmitool sel list` tena na ukaze upya skrubu za masikio.